Mwenda Jean Bosco, Mtungaji wa Nyimbo

Bunkeya ni mji wa zamani wa Bayeke. Leo umo katika jimbo la Lualaba, ambalo mji wake mkuu ni Kolwezi. Mababu wa Bayeke walitoka mbali, katika nchi ya Unyamwezi. Mfalme wao Msiri alitawala Bunkeya mpaka alipouawa mwaka 1891.

Katika mji huo alizaliwa Mwenda Jean Bosco, mwaka 1930. Mwenda ni jina alilokuwa nalo Msiri pia. Jean Bosco ni jina la Mtakatifu Yohane Bosco, padri wa Italia aliyewapenda vijana maskini. Wafuasi wake, Wasalesiani, walifika Katanga mwaka 1911.

Zamani hizo watu wengi waliacha vijiji vyao wakaenda kufanya kazi ya shaba huko Elisabethville, Jadotville na Kolwezi. Siku hizi Elisabethville huitwa Lubumbashi, na Jadotville huitwa Likasi. Katika kambi za wafanyakazi Muluba alikaa karibu na Mulunda, na Mubemba karibu na Musanga. Kila mmoja alikuwa na lugha ya mama yake. Je, mtu akitaka kumwomba jirani chumvi, alisema lugha gani? Alisema Kiswahili. Hakikuwa Kiswahili cha Unguja wala cha vitabuni, bali cha kambini na sokoni. Watu wengine walikidharau. Bosco hakukidharau, alitunga nyimbo zake nyingi kwa lugha hiyo. Aliimba mambo ya kila siku: ndoa, fedha, ndugu na safari. Mfanyakazi aliyezisikia alijua kwamba mambo yake mwenyewe yanaimbwa.

Bosco aliimba na gitaa lake. Gitaa lina nyuzi sita. Kidole gumba kilipiga nyuzi nene, zenye sauti nzito. Kidole cha shahada kilipiga nyuzi nyembamba. Kila kidole kilikwenda njia yake, wala havikugongana. Msikilizaji aliona kama watu wawili wanapiga pamoja. Kazi hiyo haijulikani kwa siku moja. Mikono huifahamu kwa kurudia na kurudia.

Lakini wimbo usiohifadhiwa hupotea kama moshi. Mwimbaji akifa, nao hufa. Mwaka 1952 Hugh Tracey alifika Jadotville na mashine ya kunasa sauti. Bwana huyo alizunguka nchi nyingi za Afrika akikusanya muziki wa wenyeji. Alinasa nyimbo za Bosco, na mmoja wao ni Masanga. Kijana yule alikuwa na umri wa miaka 20 na zaidi kidogo tu.

Sahani za santuri zikasafiri mahali ambapo mwenyewe hajafika. Baadaye Bosco alikwenda Nairobi, na ndugu yake Edouard Masengo pia alikwenda kuimba huko. Wapiga gitaa wa Kenya waliwasikiliza, wakajifunza kwao. Mwaka 1969 Bosco aliitwa Marekani, akaimba katika tamasha kubwa la Newport.

Mwaka 1990 alikufa katika ajali ya gari nchini Zambia. Sauti yake haikuzikwa pamoja naye. Nyimbo zilizonaswa Jadotville zimehifadhiwa, na mpaka leo watu wa nchi mbalimbali huketi na gitaa wakijaribu kufuata vidole vyake.

Wazee husema: Mwacha mila ni mtumwa. Bosco alikwenda mbali, lakini lugha ya kambini hakuiacha nyumbani.

Maneno
kidole cha shahada: kidole kinachofuata kidole gumba
kunasa sauti: kuishika sauti kwa mashine ili isikiwe tena
kudharau: kuona kitu hakina thamani

Maswali
1. Bosco alizaliwa wapi, na mwaka gani?
2. Kwa nini watu wa kambini walisema Kiswahili?
3. Vidole viwili vya Bosco vilifanya kazi gani?
4. Kama nyimbo zake hazikunaswa, ingekuwaje?
5. Mwulize mzee wa nyumbani wimbo mmoja wa zamani. Uandike katika daftari lako.