Nahodha, Hamali na Kibarua

Mtoto mmoja aligombana na mwenzake, akamwita, "Kuli we!" kana kwamba ni tusi. Watoto, kabla hatujacheka, na tuulize: neno hilo latoka wapi, na maana yake ni nini?

Tuanze chomboni. Mkuu wa chombo huitwa nahodha. Neno hili ni la Kiajemi, nalo limeunganishwa kwa maneno mawili: la kwanza maana yake chombo, la pili bwana. Basi nahodha ni bwana wa chombo, naye yafaa awe mmoja, ndiyo sababu wazee husema, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Msaidizi wake ni serahangi. Hilo nalo latoka Uajemi, ambako lilikuwa jina la mkuu wa askari. Walio chini yao ni mabaharia, yaani watu wa bahari. Na bahari ni neno la Kiarabu.

Sasa tushuke pwani. Achukuaye mizigo mjini huitwa hamali, neno la Kiarabu lenye maana ya mchukuzi. Shina lake ndilo lililotupa himili na stahimili. Tazameni: kustahimili shida ni kuichukua kama mzigo! Mpagazi ametoka katika kupagaa, yaani kuchukua mzigo begani. Ndiye aliyekwenda kwa miguu na misafara toka Bagamoyo hata Tabora na Ujiji, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Kuli lilitujia kutoka Bara Hindi. Wengi wenye elimu ya lugha hulilinganisha na neno la Kitamil ambalo maana yake ni ujira. Na kibarua? Ni barua ndogo. Zamani mtu wa kazi ya siku alipewa cheti, akakirudisha siku ya malipo apate fedha yake. Cheti kiliitwa kibarua. Kisha mtu mwenyewe akaitwa kwa jina la cheti chake.

Basi nahodha ameitwa kwa chombo chake, na hamali kwa mzigo wake. Bali kuli na kibarua wameitwa kwa ujira na karatasi. Jina limetaja malipo, likamsahau mtu. Sisi tusimsahau. Mchele tuliokula jana ulipita begani mwa mtu, naye hastahili kutukanwa kwa kazi yake.

Maswali
1. Nahodha maana yake nini?
2. Hamali na kustahimili wana undugu gani?
3. Kwa nini mtu wa kazi ya siku aliitwa kibarua?