Ruzuku ya malisho: je, nina haki ya kujua jirani analipwa kiasi gani?

Swali: Naishi Hessen, Ujerumani. Jirani yangu mfugaji hupokea ruzuku ya malisho ya Umoja wa Ulaya. Je, mimi mlipa kodi naweza kujua analipwa kiasi gani?

Jibu: Ndiyo, mara nyingi. Kila nchi mwanachama hutakiwa kutangaza kila mwaka jina la mpokeaji, eneo lake na kiasi alicholipwa. Ujerumani ina tovuti yake ya malipo ya kilimo na uvuvi, iliyo wazi kwa yeyote.

Haikuwa rahisi kufika hapa. Wakulima wa jimbo lako hilohilo walishtaki, na tarehe 9 Novemba 2010 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba kuanika majina ya watu binafsi bila kubagua ukubwa wa malipo kunavunja faragha yao. Majina ya watu binafsi yakaondolewa. Ya makampuni yakabaki. Sheria ya 2013 ikayarudisha, ila anayepata euro 1,250 au pungufu hatajwi jina. Naona kikomo hicho ni cha haki: mfugaji mdogo hastahili kuanikwa kwa malipo madogo.

Kinachonisikitisha ni kwamba taarifa hukaa miaka miwili tu, kisha hufutwa. Sehemu kubwa ya fedha hizi hulipwa kwa hekta, malisho ya kudumu yakiwamo, hivyo mwenye ardhi kubwa huvuna zaidi, na umma unahitaji kumfuatilia kwa miaka mingi. Basi hifadhi nakala mapema.