Dua ya Kikao Ina Zamu

Mdogo wangu wa kikundi cha kutetea kiwanja cha mtaa, barua yako nimeisoma. Kila kikao mama mmoja anasali nusu saa, Waislamu wanainamia simu, vijana wanachelewa makusudi. Unauliza, muifute sala?

Msiifute. Mnapambana na watu wenye pesa, na siku ya kutishwa mtahitaji cha kuwashikilia. Wanawake wa Liberia wanalijua hilo. Mwaka 2003, vita vikiwa vimewachosha, Wakristo na Waislamu walikaa pamoja uwanjani karibu na soko la samaki la Monrovia, juani na mvuani, wamevaa nyeupe, wakifunga, wakisali na kuimba. Haikuwa rahisi, wapo Wakristo waliosita kabisa kuomba pamoja na Waislamu. Kiongozi wao Leymah Gbowee na wenzake waliwakumbusha kwamba risasi haiulizi dini ya mtu.

Ninachowapendea zaidi: dua yao ilikuwa na dai. Walitaka mapigano yasimame na pande zote zikae mezani. Mazungumzo ya amani mjini Accra, Ghana, yalipozorota, mwezi Julai, waliketi mlangoni pa ukumbi wakashikana mikono ili wajumbe wasitoke. Mkataba wa amani ulisainiwa tarehe 18 Agosti.

Basi nanyi wekeni zamu, dakika tano zinatosha. Leo aombe mama, wiki ijayo ustadhi asome Fatiha, nyingine mkae kimya tu kwa ajili ya wasio na neno la kusema. Asiyeitikia Amina asikodolewe macho. Kikao kisigongane na sala ya Ijumaa wala ibada ya Jumapili, na Ramadhani ikifika futuruni pamoja. Kwenye uji na tambi mtajuana kuliko kwenye ajenda.

Kinachonikera ni hiki: mtu anauliza michango imekwenda wapi, anaambiwa tumwachie Mungu. Hapana! Daftari lisomwe, risiti zionekane. Na mgombea akija na kiongozi wake wa dini kuwaombea, akaribishwe mkekani kama wengine, kipaza sauti kibaki kwa mwenyekiti.

Yule mama usimwaibishe mbele za watu. Mfuate kwake jioni, mpe shikamoo yake, umwombe awe msimamizi wa zamu za dua. Saa ataishika yeye, na wallahi hakuna atakayepitisha dakika ya tano.