Mafua Yashukapo Kifuani

Hakuna mtu asiyeyajua mafua. Kamasi humtoka, koo humwasha, hupiga chafya na kukohoa siku kadha wa kadha, kisha hupona. Kwa sababu hiyo watu wengi huyadharau. Lakini wahenga walisema, "Mdharau mwiba mguu huota tende." Ugonjwa ule ule umpitiao mtu mzima kama upepo waweza kumshika mtoto mchanga kifuani na kuhatarisha maisha yake.

Mafua huletwa na virusi, navyo ni vidogo mno, havionekani kwa macho wala kwa darubini ya kawaida. Aina zake ni nyingi. Jamaa moja ya virusi hivyo huitwa korona. Mwaka 1965 wataalamu wawili waliofanya kazi Uingereza, David Tyrrell na Malcolm Bynoe, walitoa habari za kirusi kilichopatikana katika kamasi ya mwanafunzi wa shule ya bweni aliyekuwa na mafua. Baadaye June Almeida alikipiga picha kwa darubini ya elektroni. Bibi huyu alizaliwa Glasgow mwaka 1930, akaacha shule akiwa na umri wa miaka 16, lakini kwa bidii yake akawa hodari sana katika kazi hiyo. Katika picha, kirusi kilionekana kama kiduara kilichozungukwa na miiba pande zote, mfano wa taji. Basi mwaka 1968 virusi vya namna hiyo vikapewa jina la korona, yaani taji kwa Kilatini.

Virusi vya korona viletavyo mafua ya kawaida ni vya aina nne. Viwili, 229E na OC43, vilijulikana katika miaka ya 1960. Cha tatu, NL63, kilitangazwa mwaka 2004 huko Uholanzi, nacho kilipatikana kwa mtoto wa miezi saba mwenye ugonjwa wa kifua. Cha nne, HKU1, kilitangazwa mwaka 2005 huko Hong Kong. Hivi vinne si sawa na kirusi cha jamaa iyo hiyo kilichozuka mwaka 2019 na kuua mamilioni ya watu. Watoto wengi huambukizwa virusi vya namna hii katika miaka yao ya kwanza. Tena mtu aweza kuvipata mara nyingi, kwa kuwa kinga ya mwili hupungua baada ya muda.

Ili kufahamu kwa nini mtoto mdogo huumia zaidi, yafaa kuijua njia ya pumzi. Njia hiyo ni kama mti uliopinduliwa. Shina lake ni bomba lishukalo kutoka kooni. Shina hugawanyika matawi mawili, moja kwa kila pafu, na matawi huzaa vitawi vingi vyembamba. Mwisho wa vitawi pana vifuko vidogo sana, na humo ndimo hewa safi iingiamo katika damu. Virusi vya mafua kwa kawaida hukaa puani na kooni. Lakini pengine hushuka hata vitawi na vifuko. Hapo vitawi huvimba na kujaa kamasi. Mtu mzima ana njia pana, naye huweza kuvumilia; mtoto ana njia nyembamba, hivyo uvimbe mdogo tu waweza kumziba pumzi. NL63 huweza pia kuvimbisha koo la mtoto, hata akakohoa kwa sauti kama ya mbwa abwekaye.

Mwanafunzi aachiwaye mdogo wake nyumbani aweza kuitambua hatari kwa kuhesabu pumzi. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Nguo yake ifunuliwe kifuani, na saa itazamwe kwa dakika moja kamili. Kila kifua kinapoinuka ni pumzi moja. Hesabu hizi zaonyesha kwamba mtoto apumua upesi kupita kiasi:

Mtoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi.
Mtoto wa miezi 2 hata 11: pumzi 50 au zaidi.
Mtoto wa mwaka 1 hata kabla ya kutimiza miaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Mtoto mwenye kikohozi apumuaye hivyo huenda ana kichomi, kiitwacho pia nimonia. Apelekwe kwa mganga wa hospitali siku ile ile. Tena asicheleweshwe hata kidogo ikiwa sehemu ya chini ya kifua yabonyea ndani avutapo pumzi, au akoroma kooni hali ametulia, au hawezi kunyonya, au atapika kila kitu, au ana degedege, au amelegea na haamki.

Mafua mepesi hutunzwa nyumbani. Mtoto aendelee kunyonya, apewe vinywaji ikiwa amezidi miezi sita, na pua yake isafishwe. Dawa za kuua bakteria haziui virusi, kwa hiyo asipewe ila kwa amri ya mganga. Asilazwe karibu na moshi wa kuni wala wa tumbako, kwa maana moshi huudhi mapafu. Naye mwenye mafua anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, na akohoapo afunike kinywa kwa kiwiko.

MASWALI
1. Kwa nini virusi hivi viliitwa korona?
2. Kwa nini mafua humdhuru mtoto mchanga kuliko mtu mzima?
3. Mtoto wa miezi minane avuta pumzi 54 kwa dakika. Yapasa afanyiwe nini?
4. Taja dalili tatu za hatari zisizongoja.