Uteule na Mapatano: Kuasisiwa kwa Dola ya Mali katika Utendi wa Sundiata

Utendi wa Sundiata hutajwa aghalabu kuwa kielelezo cha shujaa aliyeteuliwa na Mungu kuasisi dola. Toleo linalofahamika sana ni la Djibril Tamsir Niane, lililochapishwa kwa Kifaransa mwaka 1960 kutokana na masimulizi ya manju Mamadou Kouyaté wa Guinea. Makala haya yanashikilia kuwa uteule huo ni nusu tu ya kisa.

Dalili za uteule ziko wazi. Mwindaji mwaguzi anambashiria mfalme Maghan Kon Fatta kuwa Sogolon, mwanamke asiye na sura ya kuvutia, atamzalia mrithi mtukufu. Mtoto anatambaa kwa miaka mingi huku mamaye akisimangwa na mke mwenza. Siku anayosimama, anajiinua kwa mtaimbo wa chuma unaopindika mfano wa upinde, kisha anang'oa mbuyu na kuuleta nyumbani kwa mamaye.

Hata hivyo, miujiza haimpi ufalme. Sundiata anakwenda uhamishoni, naye Sumaoro, mfalme wa Sosso, ana uganga wake, chuma hakimdhuru. Siri yake inafichuliwa na Nana Triban, dadake Sundiata aliyepelekwa kwa Sumaoro kuwa mke. Katika vita vya Kirina, mnamo 1235, mshale wenye kipi cha jogoo unamgusa Sumaoro na nguvu zake zinamwishia.

Ulinganisho na Fumo Liyongo unafaa hapa. Katika utendi wa Muhamadi Kijuma wa mwaka 1913, siri ya sindano ya shaba kitovuni ni ya shujaa mwenyewe, na anayeitumia ni mwanawe. Liyongo ana nguvu na mapenzi ya watu, lakini haachi dola. Yamkini basi nguvu zisizo za kawaida hazitoshi kuasisi utawala.

Kinachotosheleza ni baraza la Kurukan Fuga. Wafalme walioshirikiana na Sundiata wanachomeka mikuki yao mbele yake kuonyesha utii, naye anawarudishia pamoja na nchi zao. Miko inatangazwa, utani baina ya koo unawekwa, na ukoo wa Kouyaté unathibitishwa kuwa manju wa watawala. Mwaka 2009, UNESCO iliuorodhesha Mkataba wa Manden, unaohusishwa na baraza hilo, kuwa urithi wa utamaduni usioshikika.

Ikumbukwe kuwa msimulizi wa Niane ni wa ukoo huohuo wa Kouyaté. Anapomsifu mteule wa Mungu, anatetea pia nafasi ya manju katika dola na kumkumbusha mtawala ahadi za wahenga wake. Kwa hiyo, sifa za mshindi ni hati ya madai pia. Mhakiki anayeishia kwenye mbuyu uliong'olewa atamwona shujaa pekee. Anayefika barazani ataiona dola, na wale walioikubali iwepo.