Mas'ala ya Kula Kilabuni

Jua, ewe ndugu, Kinondoni na Temeke viko vilabu ambamo mpika pombe huuza pia ugali na samaki. Mtu husema: "Mimi sinywi, nala tu." Je, yafaa?

Jawabu: Tazama mambo matatu. Chakula kilicho halali na safi hakiharamiki kwa kuuzwa karibu na pombe. Chombo kilichotiwa pombe ni najisi kwetu Mashafii. Huoshwa kwa maji hata iondoke ladha, rangi na harufu. Ama kikao, Mtume (s.a.w.) amekataza kukaa penye chakula ambapo ulevi wazungushwa, basi ni haramu, ijapokuwa hunywi. Na mwanao akikuona humo, hatajua ya kuwa wala tu. Kale kwingine. Wallahu a'lam.