"Alhamdulillah" Si Kipimo cha Maumivu



Ndugu zangu, muhula uliopita nilikuwa katika mafunzo ya vitendo, wodi ya upasuaji ya hospitali moja hapa Kigali. Asubuhi moja nilimkuta mzee wa Biryogo aliyepasuliwa tumbo siku iliyotangulia. Nikamsalimia kwa Kiswahili, akafurahi. "Mzee wangu, unaendeleaje?" Akajibu, "Alhamdulillah, mwanangu." Nikaandika kwenye faili: hana maumivu.

Saa sita mchana bintiye aliyekuwa akimuuguza alinivuta kando. Baba yake hakulala usiku kucha, na kila akitaka kukohoa hujizuia.

Nilikuwa nimetoa salamu, na jibu la salamu nikaliandika kama kipimo.

Kosa ni langu, lakini si langu peke yangu. Watafiti wanaopima ubora wa tiba ya maumivu baada ya upasuaji wamelikuta jambo hili katika nchi nyingi: mgonjwa anasema ameridhika sana na huduma, na huyo huyo anasema aliumia vikali. Anamshukuru muuguzi kwa upole wake. Au alitarajia kuumia, akaumia, hivyo haoni la kulalamikia. Na hapa kwetu wazee hulelewa na ile methali ya Kinyarwanda kwamba machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Kwa hiyo kumuuliza mgonjwa kama ameridhika hakutoshi.

Kipimo cha kawaida ni namba, kuanzia 0 (hakuna maumivu) hadi 10 (makali kupita yote). Lakini namba ya mtu aliyelala kimya hudanganya. Muulize anapogeuka, anapokohoa, anaposhuka kitandani. Mwenye kidonda cha tumbo akiogopa kukohoa hupumua juu juu, makohozi hubaki kifuani, na nimonia inaweza kufuata. Asiyetembea, damu yaweza kuganda miguuni. Kisha uliza: alilala? Tangu aombe dawa hadi aipate zilipita dakika ngapi? Dozi zilitolewa kwa saa zake, au zilisubiri mpaka alie? Na baada ya dawa, kuna aliyerudi kumuuliza? Hili la mwisho ndilo ninaloliona likisahaulika zaidi. Dawa huandikwa, nafuu haiandikwi.

Kuhusu dawa zenyewe, Shirika la Afya Duniani lilitoa ngazi yake mwaka 1986 kwa ajili ya wagonjwa wa saratani: kwanza dawa nyepesi kama parasetamoli, mwisho mofini. Baada ya upasuaji mkubwa ngazi hiyo mara nyingi hushukwa badala ya kupandwa, yaani huanza dawa kali kisha hupunguzwa. Rwanda hutengeneza mofini ya kunywa hapa hapa nchini. Waislamu wengine huiogopa kwa kuwa hulevya, lakini wanazuoni wameiruhusu penye haja, kwa kipimo cha daktari.

Najua mtanitajia subira. Tunapenda kisa cha Urwa bin Zubayr, ambaye inasimuliwa alikatwa mguu na akakataa kinywaji cha kumpoteza fahamu. Lakini uamuzi ule ulikuwa wake mwenyewe. Muuguzi hana ruhusa ya kumwandikia mgonjwa subira badala ya dozi. Na Mtume (s.a.w.), Ibn Mas'ud alipomgusa akiwa na homa kali, alikiri na akataja kiasi chake: kama ya watu wawili. Imo katika Bukhari na Muslim. Nabii Ayyub naye alimweleza Mola wake dhara lililompata, na bado Qur'ani (38:44) ikamshuhudia kuwa ni mwenye subira.

Mchana ule nilirudi kwa mzee. "Baba, ukikohoa, kati ya sifuri na kumi, ni ngapi?"

Akatazama dari. "Nane," akasema. "Alhamdulillah."

Nikamwita muuguzi wa zamu, akapewa dawa. Baada ya saa moja nikamuuliza tena. Nne, na alikuwa amekohoa.